Mangi Meli: Bunduki alikuwa nazo, risasi zilitoka mbali

Juni 10, 1892, kikosi cha Wajerumani kilitoka Marangu kwenda kumtia adabu mangi kijana wa Moshi. Vita vilipokwisha, kamanda wa kikosi hicho, Albrecht von Bülow, alikuwa ameuawa, na ofisa mwenzake, Wolfrum, naye hakupona.

Aliyewashinda ni Meli, mtoto wa Mangi Rindi. Alikuwa hajamaliza hata mwaka mmodi kwenye kiti cha baba yake.

Miezi 14 baadaye Wajerumani walirudi, na safari hii Meli alishindwa. Mlima ulikuwa uleule na migomba ileile. Kuielewa tofauti hiyo, lazima ujue bunduki za mlimani zilikuwa zinakula nini, na chakula hicho kilikuwa kinatoka wapi.

Kabla ya bunduki

Wachagga walianza kulinda nyumba zao zamani sana, kabla ya Meli na kabla ya baruti. Kila umangi ulikuwa na mipaka yake, na makorongo ya mito yalisaidia kumzuia adui. Vijana walilinda njia kwa mikuki na ngao.

Sehemu kama Marangu na Mamba, watu walichimba mahandaki chini ya ardhi. Mlango ulikuwa mwembamba, anapita mtu mmoja mmoja. Adui akiingiza kichwa, ameshakutana na mlinzi. Wanawake, watoto na ng'ombe walijificha humo mpaka hatari ipite.

Mei 1848 mmisionari Mjerumani Johannes Rebmann alifika Kilema, akapokelewa na Mangi Masaki. Safari hiyo ndiyo iliyompa nafasi ya kuiona theluji ya Kilimanjaro na kuwaandikia Wazungu wenzake, ambao wengi walimkatalia. Rebmann hakuwa na jeshi. Kitu anachokumbukwa kubeba ni mwavuli.

Miaka 40 baadaye, mgeni wa namna hiyo asingeeleweka mlimani. Kila mangi mkubwa alikuwa anauliza habari za bunduki.

Rindi anagundua soko

Baba yake Meli, Rindi, ambaye wageni wengi walimwita Mandara, alikuwa mtu wa hesabu. Aliitawala Moshi, ile tunayoiita leo Old Moshi, tangu miaka ya 1860.

Misafara ya biashara kutoka pwani ilipanda mlimani kutafuta pembe za ndovu na, kwa bahati mbaya, watumwa. Nayo ilileta nguo, shanga, bunduki na baruti. Rindi aliuza alichokuwa nacho, hata mateka wa vita vyake na majirani, akanunua silaha.

Soko hilo halikuwa dogo. Mwaka 1888 konsuli wa Uingereza kule Zanzibar, Charles Euan-Smith, alikadiria kuwa bunduki kati ya 80,000 na 100,000 zilikuwa zinaingia Afrika Mashariki kila mwaka. Nyingi zilikuwa mitumba ya majeshi ya Ulaya, ambayo yalikuwa yanabadilisha silaha zao.

Juni 1885 Rindi aliweka saini mkataba na Carl Jühlke, mtu wa kampuni ya Carl Peters. Mwaka 1889 akatuma wajumbe wake hadi Berlin wakiwa na pembe ya ndovu kwa ajili ya Kaisari. Kwa Rindi, Wajerumani walikuwa rafiki mwingine wa kumtumia dhidi ya maadui wake.

Na adui mkubwa alikuwa jirani, Mangi Sina wa Kibosho, mwenye boma la mawe. Februari 1891 Hermann von Wissmann alimshambulia Sina, na watu wa Rindi wakiwa upande wa Mjerumani. Kibosho ikaanguka. Mwishoni mwa mwaka huohuo Rindi akafariki, akamwachia Meli umangi, bunduki, na rafiki ambaye hakuwa rafiki tena.

Gobore linakula chochote

Bunduki nyingi zilizofika mlimani zilikuwa magobore. Gobore hujazwa kwa mdomoni. Unamimina baruti, unashindilia kitambaa au nyuzi kwa mdeki, unatia risasi, unashindilia tena. Ndipo unaweka fataki, au unategemea cheche za jiwe kama ni gumegume.

Mtutu wake ni laini kwa ndani, kama wa shotigani za leo. Kwa hiyo mwenye bunduki alikuwa na chaguo. Angeweza kutia goroli moja kubwa la risasi, au akajaza marisau, zile punje ndogo zinazotawanyika. Akikosa vyote, alitia vipande vya chuma.

Kila chaguo lilikuwa na bei yake. Goroli moja linaumiza sana, lakini ni lazima ulenge. Punje nyingi zinasamehe mlengaji mbovu, ila zinachoka haraka hewani. Zaidi ya hatua 100, gobore ni kubahatisha tu.

Lakini ndani ya kihamba hakuna hatua 100. Migomba imesongamana, chini kuna kahawa siku hizi, zamani kulikuwa na maharage na magimbi. Kuna mifereji ya maji, kuna ua wa masale. Unamwona mtu akiwa hatua 15 au 20. Mahali kama hapo, gobore lililoshindiliwa vizuri si silaha ya kuchezea.

Shida yake ni muda. Hata askari aliyefunzwa alipiga mara mbili au tatu kwa dakika. Na baruti ikipata unyevu, imekwisha. Juni mlimani ni baridi na ukungu, kila mkazi wa Kilema au Kirua anajua.

Mauser linachagua

Askari wa Mjerumani walibeba bunduki aina ya Mauser ya mwaka 1871. Hii ilijazwa kwa nyuma, risasi moja moja yenye ganda la shaba, unene wa milimita 11. Huhitaji kusimama kushindilia. Unaweza kulala kifudifudi nyuma ya jiwe, ukapiga, ukajaza, ukapiga. Nayo ilifika mbali mara kadhaa kuliko gobore.

Tangu siku za Wissmann, jeshi hilo lilikuwa pia na bunduki za Maxim, ambazo watu wa pwani waliziita bombomu. Moja iliweza kutema risasi 600 kwa dakika, ilimradi kuna mtu wa kuilisha.

Sasa hapa ndipo penye jambo lenyewe. Mhunzi wa Kilimanjaro alikuwa fundi hasa. Alichukua chuma kilichotoka Ugweno, kule Upare, akatoa mkuki ambao hadi leo ukiuona makumbusho unautamani. Lakini mhunzi huyo hakuweza kutengeneza ganda la shaba la Mauser. Hakuna aliyeweza, kuanzia mlimani hadi pwani.

Yaani hata kama Meli angepata bunduki ya kisasa, na wapo mamangi waliozipata chache, kila risasi aliyopiga ilikuwa imepita bandarini. Na bandari zilikuwa zimeshachukuliwa.

Bomba linafungwa

Pangani ndiyo ilikuwa lango la misafara ya Kilimanjaro. Desemba 1889 Wajerumani walimnyonga hapo Abushiri, kiongozi wa upinzani wa pwani, na tangu hapo mlango ulikuwa mikononi mwao.

Julai 2, 1890, mataifa makubwa yalitia saini Mkataba wa Brussels. Ulitangazwa kuwa mkataba wa kukomesha biashara ya watumwa, na kweli sehemu kubwa ilihusu hilo. Ila ndani yake kulikuwa na vipengele vya silaha. Bunduki za kisasa na risasi zake zilipigwa marufuku kuuzwa kwa Waafrika katika eneo kubwa la bara. Zilizoruhusiwa, tena kwa masharti, ni gumegume zenye mtutu laini na baruti ya kawaida.

Kwa maneno mengine, Ulaya ilikuwa imemchagulia Mwafrika risasi ya kulindia nyumba yake, na haikumchagulia ile iliyokuwa inaitumia yenyewe.

Ushindi wa 1892

Katika mazingira hayo, Bülow aliondoka Marangu. Boma la Wajerumani lilikuwa huko, kwa rafiki yao Mangi Marealle. Kutoka Marangu kwenda Moshi kwa njia ya mlimani, katikati kuna Kilema na Kirua. Kilema wakati huo ilikuwa chini ya Mangi Fumba, na misheni ya Wakatoliki iliyoanzishwa huko mwaka 1890 ilikuwa bado changa.

Kikosi kilipoingia Moshi, kiliingia kwenye ardhi ambayo watu wa Meli waliijua kwa miguu. Migomba na makorongo vilifupisha umbali, na umbali ukifupika, Mauser inapoteza faida yake kubwa. Wajerumani walipoteza makamanda wao, na kwa muda wakalazimika kuuacha mlima.

Habari hizo ziliuma. Agosti 1891, chini ya mwaka mmoja kabla, Wahehe wa Mkwawa walikuwa wameangamiza kikosi cha Emil von Zelewski kule Lugalo. Sasa na Kilimanjaro.

Lawama zikaanza kutafuta mahali pa kutua. Wamisionari Waingereza wa CMS, waliokuwa Moshi tangu 1885, walituhumiwa kuwa upande wa Meli, hadi ikasemwa habari za kumsaidia silaha. Mwaka huohuo wa 1892 walilazimika kuondoka, wakahamia Taveta. Mwaka uliofuata Walutheri wa Leipzig wakachukua nafasi yao.

Kuondoka kwao kulimwacha Meli peke yake zaidi.

Agosti 1893

Agosti 12, 1893, Friedrich von Schele mwenyewe alikuja Moshi na kikosi kikubwa kuliko cha Bülow. Mwezi wa Agosti mvua hakuna, njia ni kavu.

Meli alipigana, lakini mara hii hesabu ilikataa. Mjerumani akipoteza askari, anaagiza mwingine. Akimaliza risasi, meli nyingine inatia nanga Tanga. Mangi akimaliza baruti, hana pa kuagiza. Na majirani, ambao wangeweza kuwa ghala lake, wengine walikuwa wamesimama na Schele. Wapiganaji wa Sina hawakuwa na sababu ya kumsahau Rindi na ile Februari ya 1891.

Meli akasalimu amri. Wajerumani wakahamisha boma lao kutoka Marangu na kulijenga Moshi, mlangoni kwake. Aliishi chini ya macho yao kwa zaidi ya miaka sita.

Mti wa Tsudunyi

Mapema mwaka 1900, ofisa mkuu wa boma la Moshi, Kapteni Kurt Johannes, aliletewa habari kwamba mamangi wanapanga kulivamia boma pamoja na Wameru na Waarusha. Wanahistoria wengi wanaliweka jina la Marealle karibu na habari hizo, maana ndiye aliyefaidika wapinzani wake walipoondoka.

Machi 2, 1900, Meli alinyongwa kwenye mti pale Tsudunyi, Old Moshi, pamoja na wenzake 18. Miongoni mwao walikuwa Mangi Ngalami wa Siha na Mangi Molelia wa Kibosho, mtoto wa yuleyule Sina. Watoto wa mahasimu wawili walikufa siku moja, kwa tuhuma moja.

Simulizi za wazee zinasema Meli alichukua saa nyingi kukata roho. Ukoo wake unaamini kichwa chake kilikatwa na kupelekwa Ujerumani, ambako wataalamu wa wakati huo walikuwa wanakusanya mafuvu ya Waafrika kwa maelfu.

Bado anatafutwa

Kwa miaka mingi mjukuu wake amekuwa akidai kichwa hicho kirudishwe. Septemba 2023, taasisi ya urithi wa Prussia mjini Berlin ilitangaza matokeo ya vipimo vya vinasaba vya mafuvu kutoka eneo la Kilimanjaro. Mafuvu matatu yalioana na ndugu walio hai. Moja lilikuwa la akida, msaidizi wa karibu wa Meli. La Meli mwenyewe halikuwamo.

Novemba mwaka huo Rais wa Ujerumani, Frank-Walter Steinmeier, aliomba msamaha akiwa Songea kwa yaliyofanywa na nchi yake wakati wa ukoloni.

Leo, anayetaka bunduki ya kulinda nyumba yake Tanzania anafuata Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Jina lake lenyewe linazitaja risasi kando ya silaha, maana bila risasi bunduki ni chuma tu. Rindi alitumia miaka 30 kukusanya bunduki bila kuwa na bandari wala jirani wa kumtegemea, na deni lake alikuja kulilipa mwanawe.

Pale Old Moshi kuna kumbukumbu ya Meli, karibu na mti alionyongewa. Kila Machi 2 watu hukusanyika hapo. Ndugu zake wamesema wakimpata, watamzika nyumbani.