Nathan Cobb: Baba wa sayansi ya minyoo isiyoonekana kwa macho

Mnyoo asiyefika hata milimita moja anaweza kuukausha msonobari mzima ndani ya miezi michache. Kumtofautisha na ndugu zake wasio na madhara siyo kazi ndogo, na aliyeweka msingi wa kazi hiyo ni Nathan Augustus Cobb.

Alizaliwa mwaka 1859 huko Spencer, Massachusetts, Marekani. Alifundisha shule kwanza, kisha akaenda Jena, Ujerumani, alikopata shahada ya uzamivu mwaka 1888.

Mwaka uliofuata akahamia Australia na baadaye akaajiriwa na serikali ya New South Wales kuchunguza magonjwa ya mimea. Mwaka 1905 alikwenda Hawaii kwenye mashamba ya miwa, na 1907 akajiunga na Wizara ya Kilimo ya Marekani.

Tatizo la nematodi ni kwamba wanafanana mno. Cobb akaanza kuwapima: mdomo uko wapi, koo linaishia wapi, mkia una umbo gani. Akabuni pia slaidi inayokuwezesha kumwangalia mnyoo pande zote mbili. Alieleza zaidi ya spishi 1,000, na ndiye aliyeipa sayansi hiyo jina la nematolojia.

Alifariki mwaka 1932. Miaka miwili tu baadaye, Gottfried Steiner, aliyewahi kufanya kazi naye, pamoja na Edna Buhrer walieleza mnyoo mpya kutoka kwenye mbao za msonobari Marekani. Wakati huo hakuna aliyeshtuka.

Mwaka 1971 watafiti wa Japani wakathibitisha kwamba kuna mnyoo anayeua misonobari yao; mnyoo huyo husambazwa na mbawakavu. Wakampa jina mwaka 1972, kumbe ni yule yule wa 1934! Hilo lilithibitishwa mwaka 1981.

Anaye ndugu anayefanana naye sana, ila kwa kawaida haui miti. Tofauti iko kwenye ncha ya mkia wa jike: muuaji ana mkia wa mviringo, ndugu yake ana kincha kilichochongoka.

Ukikosea hapo, unazuia mzigo usio na hatia au unaingiza janga nchini. Ureno ilimgundua mnyoo huyo mwaka 1999. Ndiyo maana mbao za kufungia mizigo ya kimataifa hupashwa joto hadi nyuzijoto 56 katikati yake, kwa dakika 30.