Mariano Fortuny: Fundi wa Maleba na Haki ya Mwenzake

Katika uhakiki wa tamthilia, maleba hutajwa kwa sentensi moja au mbili, naye aliyeyatia rangi na kuyashona hatajwi kabisa. Maisha ya Mariano Fortuny yanatupa sababu ya kuitafakari upya desturi hiyo.

Fortuny alizaliwa mwaka 1871 mjini Granada, Uhispania. Babake, mchoraji mashuhuri, aliaga dunia mwaka 1874. Mamake, Cecilia de Madrazo, alikusanya vitambaa vya kale, na mwanawe akakua akizizoea rangi na nakshi zake. Mwaka 1889 familia ilihamia Venice, Italia.

Jukwaa ndilo lililomvuta kwanza. Alibuni mandhari na mitambo ya taa za maonyesho kabla ya kugeukia vitambaa. Mwaka 1906, shali zake za Knossos, vipande virefu vya hariri vilivyopigwa chapa za nakshi za Krete ya kale, zilivaliwa na wachezaji jukwaani mjini Paris.

Karakana yake ilikuwa katika jumba kuukuu la Pesaro Orfei, ambamo alifanya kazi na Henriette Nigrin, Mfaransa aliyekuja kuwa mkewe. Humo hariri ilitiwa rangi tabaka juu ya tabaka, hata ikawa inabadilika kadiri mwanga ulivyoiangukia. Humo pia, yapata mwaka 1907, lilizaliwa vazi la Delphos: refu, lenye mikunjo midogo midogo mithili ya mavazi ya sanamu za Kiyunani, na ushanga wa kioo wa Murano kandokando. Mcheza dansi Isadora Duncan ni miongoni mwa waliolivaa.

Mwaka 1909 Fortuny alilisajili vazi hilo kwa jina lake. Hata hivyo, kwenye hati ya usajili aliandika kwa mkono wake kuwa mbunifu alikuwa Henriette, na kwamba haraka ya kusajili ndiyo iliyomfanya atumie jina lake mwenyewe. Ulimwengu haukuisoma kauli hiyo. Sifa zikabaki kwa mume.

Fortuny alifariki mwaka 1949. Mwaka 1956 Henriette aliutunuku mji wa Venice jumba lile, naye akafariki mwaka 1965. Leo ni makumbusho yenye jina la Fortuny.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni. Tunapohakiki maleba, basi, tuulize pia ni mikono ya nani iliyoyatengeneza.