Sir Albert Cook, Mganga wa Mengo

Katika jubilei hii yatupasa kuwakumbuka waliotangulia katika kazi ya uganga wa Misheni, na miongoni mwao ni Sir Albert Cook wa Uganda.

Alizaliwa London tarehe 22 Machi 1870, akasoma Cambridge, kisha akajifunza udaktari. Mwaka 1896 alitumwa Uganda na chama cha wamisionari cha C.M.S. Siku zile reli ilikuwa haijafika bara. Basi yeye na wenzake, akiwamo muuguzi Bibi Katharine Timpson, waliondoka Mombasa wakasafiri miezi kadhaa, hata wakafika Mengo Februari 1897. Bila kukawia akaanza kuwatibu wagonjwa. Mwaka 1899 nduguye Jack, naye daktari, alimfuata. Na mwaka 1900 Albert akamwoa Bibi Timpson.

Mwaka 1901 ndugu hao wawili waliwatambua wagonjwa wa kwanza wa malale katika Uganda. Kwa miaka michache watu zaidi ya 200,000 wakafa kandokando ya Ziwa Victoria, na vijiji vingi vikabaki mahame. Dawa ya kuwaponya haikuwapo. Tena Novemba 1902 radi ikaiteketeza hospitali. Ikajengwa upya, ikafunguliwa mwaka 1904.

Lakini nyumba si shida iliyokuwa kubwa kuliko zote. Madaktari wawili, hata wakikesha, mikono yao ni minne tu. Aliyekaa mbali hakuweza kufika Mengo, na maradhi ya kuambukiza hayamngoji mtu apate nafasi ya kusafiri. Kama Musa alivyoshauriwa na Yethro mkwewe asiubebe mzigo peke yake, ndivyo Daktari Cook naye alivyoona kwamba hana budi kuwagawia wengine kazi yake.

Wakati wa Vita Kuu ya kwanza hospitali ilipokea askari na wapagazi wengi, na upungufu wa watu ukaonekana wazi. Mwaka 1917 akaanzisha Mengo mafundisho ya wasaidizi wa waganga, vijana wa Uganda. Hawakuwa madaktari, wala hawakuambiwa kwamba ni madaktari. Walifundishwa kazi yenye mipaka, wakasimamiwa.

Naye Bibi Cook aliwageukia wanawake. Kaswende ilihesabiwa kuwa sababu kubwa ya watoto kufa tumboni na uchangani. Mwaka 1921 ikafunguliwa Mengo shule ya wakunga iitwayo Lady Coryndon. Binti waliohitimu walipelekwa katika vituo vya uzazi huko mashambani, ili mama mjamzito apimwe na kutibiwa karibu na kwake kabla hajajifungua. Bwana na Bibi Cook waliwaandikia kitabu cha ukunga kwa Kiganda, wapate kujifunza kwa lugha yao wenyewe.

Yafaa pia tuseme kweli. Wachunguzi wa baadaye waliona kwamba huenda wengi waliohesabiwa kuwa na kaswende walikuwa na buba, au ugonjwa mwingine unaofanana nayo usioletwa na uasherati. Basi wako watu waliolaumiwa bure. Kosa hilo halikutoka kwa wakunga. Lilitoka kwa wakubwa waliowafundisha. Kwa hiyo anayewatuma wengine na achunguze kwanza mafundisho yake mwenyewe, maana kosa la mwalimu mmoja huenda katika kila kijiji wanakokwenda wanafunzi wake.

Mwaka 1932 alipewa cheo cha Sir. Bibi Cook alifariki mwaka 1938, naye mwenyewe mwaka 1951, huko huko Uganda. Wagonjwa aliowaponya kwa mikono yake walikuwa wengi. Lakini walioponywa na mikono aliyoifundisha hawahesabiki.

Enyi walimu na Wakristo wa mitaa yote, tusimdharau msaidizi wa zahanati wala mkunga wa kijiji kwa kuwa cheo chake ni kidogo. Tumpe mafundisho kamili, tumsimamie kwa upole, na tumwombee. Maana mara nyingi yeye ndiye wa kwanza kuingia nyumba yenye ugonjwa.