Esther Howland na Kadi za Mkono

Askari aliyepata kukaa kambini miezi mingi ajua uzito wa bahasha itokayo nyumbani. Yafaa basi tumkumbuke Esther Howland, aliyezaliwa mwaka 1828 mjini Worcester, jimbo la Massachusetts, Marekani.

Baba yake alikuwa na duka la vitabu na karatasi. Esther alipomaliza masomo mwaka 1847, alipata kadi ya Siku ya Mtakatifu Valentino kutoka Uingereza, imepambwa kwa maua na lasi ya karatasi. Akaona kwamba naye aliweza kutengeneza iliyo bora zaidi. Alitengeneza sampuli chache, akamkabidhi kaka yake aliyesafiri kuuza bidhaa za duka. Binti alitumaini maagizo ya dola 200. Yasimuliwa kwamba kaka alirejea na maagizo ya zaidi ya dola 5,000!

Mikono miwili isingetosha. Aliwaita rafiki zake, akawaketisha mezani nyumbani kwao: huyu akata picha, yule apaka gundi, mwingine apanga lasi juu ya karatasi ya rangi, wote wakifuata sampuli yake. Kisha yeye mwenyewe hukagua. Utaratibu huo hata ofisa wa ghala angeusifu. Katika vita vya wenyewe kwa wenyewe, 1861 hadi 1865, kadi za namna hiyo zilisafiri baina ya askari na wapenzi wao.

Mwanzoni mwa miaka ya 1880 baba yake aliugua. Esther akaiuza biashara kwa mshindani wake, George Whitney, akaenda kumuuguza mzee. Aliyewapambia wengine salamu za mapenzi hakuolewa kamwe. Alifariki mwaka 1904.