Maisha ya Bibi Salme, Binti wa Seyyid Said

Katika Jubilei yafaa tuikumbuke pia nyumba ya kifalme iliyotawala pwani yetu zamani. Maana njia za kutoka huku Lionja zilishuka hata Lindi, na Lindi siku zile ilikuwa chini ya bendera ya Unguja. Basi zifuatazo ni habari za binti mmoja wa nyumba ile. Kalamu ilimponza, tena kalamu ikamlisha.

Bibi Salme alizaliwa tarehe 30 Agosti 1844 katika jumba la Mtoni, kaskazini ya mji wa Unguja. Baba yake alikuwa Seyyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Unguja. Mama yake, Jilfidan, alikuwa suria aliyeletwa kutoka milima ya Kaukasi. Watoto wa kike wa jumba lile walifundishwa kusoma Kurani, lakini kuandika hawakufundishwa. Salme hakuridhika. Akatwaa mfupa wa bega la ngamia, akanakili juu yake herufi za Kurani kwa siri, hata mkono wake ukazoea.

Mwaka 1856 Seyyid Said alifariki baharini, na Seyyid Majid akashika utawala wa Unguja. Mwaka 1859 ndugu yake Barghash alitaka kumpindua. Salme alikuwa na umri wa miaka 15 tu, naye alikuwa amekwisha kufiwa na mama yake. Kwa kuwa alijua kuandika, wenye shauri lile walimfanya mwandishi wao. Waingereza wakamsaidia Majid, na Barghash akapelekwa Bombay. Baadaye Salme alipatana na Majid. Kwa hiyo watu wa upande wa Barghash wakamchukia.

Mjini alikaa karibu na nyumba ya Heinrich Ruete, mfanya biashara wa Hamburg. Wakapendana, naye akachukua mimba. Jambo hili lilikuwa hatari kuu kwa binti wa nyumba ile. Agosti 1866 alitoroka katika manowari ya Waingereza, akafika Aden, akajifungua mtoto wa kiume ambaye hakuishi. Tarehe 30 Mei 1867 alibatizwa huko kwa jina la Emily, na siku ile ile akaolewa na Ruete.

Huko Hamburg alizaa watoto watatu. Hata Agosti 1870 mumewe akakanyagwa na gari la reli lililokokotwa na farasi, akafa. Mjane huyu hajatimiza miaka 26, hana ndugu, na baridi ya nchi ni ngeni kwake. Alihamahama, akakaa Dresden, na Rudolstadt, na Berlin. Rudolstadt ulikuwa mji mdogo wa watawala wa Schwarzburg, na jumba lao, Heidecksburg, lasimama juu ya kilima. Aliyezaliwa katika jumba la mfalme akawa sasa alitazama kutoka bondeni jumba la wafalme wengine. Dhiki ilipozidi, alifundisha Kiarabu na Kiswahili apate riziki, na mwaka 1886 kikatoka kitabu chake cha maisha yake.

Mwaka 1885 Wajerumani walimrudisha Unguja kwa meli, wakati manowari zao zilipokuwa zikimtisha Barghash, aliyekuwa mtawala sasa, aikubali mikataba yao ya bara. Barghash aliikubali, lakini dada yake hakumpokea. Wakubwa walipokwisha kupata haja yao, urithi wake Salme haukukumbukwa tena. Alirudi mara ya pili mwaka 1888, baada ya kufa Barghash, asipate kitu. Alikaa miaka mingi Beirut, kisha akarudi Ujerumani, akafariki Jena tarehe 29 Februari 1924. Alizikwa Hamburg. Katika vitu vyake ulionekana mfuko mdogo wenye mchanga wa Unguja.

Ndugu walimu, herufi zile za siri zilimwingiza msichana katika ugomvi wa wakubwa waliomtumia. Lakini herufi zile zile zilimlisha yeye na yatima wake, na kwazo twajua habari zake. Tuwafundishe binti zetu kuandika waziwazi, wala tusiwatume katika magomvi yetu.

Nanyi Wakristo wenzangu, wako kati yetu walioacha jamaa zao kwa ajili ya ubatizo au ndoa. Siku ya harusi huwa na wageni wengi. Tuulizane ni nani atakayepiga hodi mlangoni pao siku ya msiba.