Charlotte Brontë: Kichefuchefu kilichomkatiza maisha mwandishi nguli

ASUBUHI ya Jumamosi, Machi 31, 1855, kengele ya kanisa la kijiji cha Haworth, kaskazini mwa Uingereza, ililia kwa mlio wa taratibu ambao wenyeji waliujua vyema. Ilikuwa kengele ya msiba. Charlotte Brontë, mwandishi wa riwaya ya Jane Eyre, alikuwa amekata roho kabla ya kupambazuka, wiki tatu tu kabla ya kutimiza umri wa miaka 39. Alikuwa ameolewa kwa miezi tisa. Alikuwa pia mja mzito.

Cheti cha kifo kilitaja kifua kikuu, na maelezo hayo hayakumshangaza mtu. Nduguze walikuwa wamefagiliwa na maradhi ya kifua mmoja baada ya mwingine, na aliyesalia alidhaniwa kuwa amefuata njia iyo hiyo. Hata hivyo, barua alizoandika kitandani kwa penseli katika wiki zake za mwisho zinasimulia habari nyingine. Humo anaeleza kichefuchefu kisichokoma, kutapika usiku na mchana, mwili uliokonda ukabaki mifupa, na matapishi yaliyoanza kuchanganyika na damu. Mkunga mzoefu angeyatambua masaibu hayo upesi.

Charlotte alizaliwa Aprili 21, 1816 katika kijiji cha Thornton, jimbo la Yorkshire, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita. Babake, Patrick Brontë, alikuwa mzaliwa wa Ireland aliyeinuka kutoka familia ya kimaskini hadi akasomea ukasisi katika Chuo Kikuu cha Cambridge. Mnamo 1820 alihamishiwa Haworth, na nyumba ya kasisi huko ilipakana na makaburi. Mwaka uliofuata mkewe, Maria, aliaga dunia. Alikuwa na umri wa miaka 38, umri ule ule ambao bintiye angefia.

Haworth hakikuwa kijiji cha watu kuzeeka. Ripoti ya mkaguzi wa serikali ya mwaka 1850, iliyotokana na malalamishi ambayo Kasisi Brontë mwenyewe aliyaongoza, ilionyesha kwamba wastani wa umri wa kufa hapo ulikuwa chini kidogo ya miaka 26, na kwamba watoto wanne katika kila kumi hawakufikisha miaka sita. Maji ya kunywa yalichafuliwa na mitaro ya vyoo na uozo wa makaburini. Kasisi alizika watoto wa wenziwe huku akihofia wake.

Na hofu hiyo ilitimia. Mnamo 1824 alipeleka mabinti wanne katika shule ya bweni ya watoto wa makasisi huko Cowan Bridge. Chakula kilikuwa kibaya na baridi kali. Mwaka uliofuata mabinti wawili wakubwa, Maria na Elizabeth, walirudishwa nyumbani wakiwa wagonjwa wakafa, na Charlotte aliyekuwa na umri wa miaka tisa akajikuta ndiye kifungua mimba wa waliobaki. Shule hiyo aliilipiza kisasi miaka zaidi ya 20 baadaye, alipoichora katika sura za mwanzo za Jane Eyre kwa namna ambayo kila aliyeifahamu aliitambua.

Alikuwa mfupi, kimo chake hakikufika futi tano, tena mwenye macho hafifu na haya nyingi mbele ya wageni. Alifundisha shuleni, akalea watoto wa matajiri kama mwalimu wa nyumbani, kazi aliyoichukia, kisha akaenda Brussels mnamo 1842 kusomea lugha. Huko alimpenda kimyakimya mwalimu wake, Constantin Heger, mtu mwenye mke na watoto. Mapenzi hayo yalimtesa kwa miaka lakini yakampatia riwaya.

Mnamo 1846 Charlotte na wadogo zake, Emily na Anne, walichapisha mashairi kwa majina ya kubuni ambayo hayakubainisha kama ni ya kiume au ya kike: Currer, Ellis na Acton Bell. Katika mwaka wa kwanza nakala mbili tu ziliuzwa. Mwaka huo huo alimpeleka babake Manchester kufanyiwa upasuaji wa mtoto wa jicho, na alipokuwa akimuuguza katika chumba chenye giza ndipo alipoanza kuandika Jane Eyre. Kitabu kilitoka Oktoba 1847 na kikawa gumzo London nzima. Yatima maskini, asiye na sura ya kuvutia, anamwambia bwana tajiri kwamba nafsi zao ni sawa. Jambo hilo liliwachoma baadhi ya wahakiki na kuwafurahisha wasomaji.

Furaha haikudumu. Septemba 1848 kaka yake Branwell, aliyeharibiwa na pombe na kasumba, alifariki. Desemba akafuata Emily. Mei 1849 akafuata Anne, katika mji wa pwani wa Scarborough alikokuwa amepelekwa kupunga hewa. Katika muda wa miezi minane nyumba iliyojaa sauti za vijana ilibaki na mzee na binti mmoja. Charlotte aliendelea kuandika, akatoa Shirley mnamo 1849 na Villette mnamo 1853, lakini jioni alizunguka meza ya chakula peke yake, mahali ambapo zamani walizunguka watatu wakisomeana kazi zao.

Arthur Bell Nicholls, mwenye asili ya Ireland, alikuwa kasisi msaidizi hapo Haworth tangu 1845. Watu walimwona kama mtu mkavu asiye na mzaha. Desemba 1852 alimposa Charlotte huku akitetemeka mwili mzima. Mzee Brontë alighadhabika hata mishipa ikamtutumka. Kasisi msaidizi asiye na mali kumwoa mwandishi mashuhuri? Charlotte alimkatalia, na Nicholls akaondoka kijijini mwaka uliofuata. Hata hivyo barua zilipita kwa siri, mzee akalegea, na mnamo Juni 29, 1854 wakafunga ndoa. Usiku wa kuamkia harusi baba alitangaza kwamba hatakwenda kanisani, ikabidi Margaret Wooler, mwalimu wa zamani wa bi harusi, amwoze.

Waandishi wa maisha ya Charlotte hupita haraka katika kipindi cha ndoa hii, kana kwamba ni kiambatisho tu. Si haki kufanya hivyo. Waliotegemea ndoa ya mashaka walishangaa. Fungate yao ya Wales na Ireland ilimrudisha akiwa na afya njema, na barua zake zinamwonyesha mwanamke aliyeanza kumpenda mumewe baada ya kuolewa, taratibu, mpaka akakiri kwamba hajapata kumwona mtu mpole kama yeye. Jioni moja mwishoni mwa 1854 alimsomea kurasa za mwanzo za riwaya mpya. Kurasa hizo ndizo zote zilizopo.

Januari 1855 walizuru jumba la rafiki huko Gawthorpe. Charlotte alitembea kwenye nyasi zilizolowa akiwa na viatu vyepesi, akarudi na mafua. Kisha kikaja kichefuchefu. Tarehe 19 mwezi huo alimwandikia Ellen Nussey, mwandani wake tangu utotoni, kwamba tumbo limemgeuka ghafla na kila chakula kinamkinaisha. Alimwomba asianze kukisia lolote kwa kuwa bado ni mapema, ingawa hajawahi kujihisi hivyo maishani mwake. Kila mwanamke aliyeisoma barua hiyo angejua kilichomaanishwa. Desturi za wakati huo hazikuruhusu kulitaja jambo lenyewe kwa jina.

Nicholls aliita daktari kutoka Bradford, mtu aliyesifika kuliko wote wa eneo hilo. Daktari alimpima, akasema chanzo ni cha kimaumbile, kwamba avumilie kidogo na mambo yatatengemaa. Hakukosea kuhusu mimba. Alichokosea ni kudhani kwamba kwa kuwa chanzo ni cha kawaida basi matokeo pia yatakuwa ya kawaida.

Wajawazito wengi hupata kichefuchefu katika miezi ya kwanza, nao hupata nafuu kadiri mimba inavyokua. Ila kuna wachache, watatu katika kila mia au pungufu ya hapo, ambao hutapika kupita kiasi hadi hawawezi kuhimili hata maji. Hali hiyo matabibu huiita hiperemesisi gravidaramu. Mwili hukauka, chumvichumvi za damuni huvurugika na uzito hushuka. Vitamini B1 ikiisha, ubongo nao huathirika, na mgonjwa huanza kuchanganyikiwa.

Charlotte alipitia hatua hizo moja baada ya nyingine. Februari alikuwa hawezi kunyanyuka. Katika barua zake chache za mwisho alimuuliza Ellen habari za mwanamke mmoja waliyemfahamu, ambaye naye aliwahi kuugua hivyo: aliumwa kwa muda gani na kwa namna gani? Mtu aliyeambiwa avumilie alitaka kujua avumilie mpaka lini. Katika siku hizo hizo Tabby, mtumishi mkongwe aliyewalea watoto wa Brontë na kuwasimulia ngano za mizimwi, alifariki. Februari 17 Charlotte aliandika wosia mpya uliomwachia mumewe mali yake iwapo angefariki bila mtoto, kinyume cha mkataba wa ndoa ambao ungempa babake.

Katikati ya Machi kulitokea badiliko. Aliomba chakula, akala kwa pupa, na nyumba ikapata matumaini. Lakini tayari alikuwa akiweweseka. Alipozinduka kwa muda mfupi alimsikia mumewe akiomba Mungu amwachie mkewe, akashangaa iwapo kweli anakufa, kwani walikuwa na furaha mno wasistahili kutenganishwa. Kasisi aliyewafungisha ndoa, Sutcliffe Sowden, ndiye aliyemzika.

Je, angaliweza kuokolewa? Inasikitisha kwamba dawa kuu inayowaokoa wagonjwa wa aina hii, yaani maji ya chumvi yanayotiwa mshipani, ilikwisha kujaribiwa. Mnamo 1832 daktari Thomas Latta wa Leith, Scotland, aliwatia wagonjwa wa kipindupindu maji hayo na baadhi yao wakafufuka machoni pa waliokuwapo. Latta alifariki mwaka uliofuata, na wenzake wakaiacha mbinu yake kwa miongo mingi. Daktari wa Bradford hakuwa na dripu mkobani.

Njia nyingine iliyokuwapo ni ile ambayo hakuna aliyethubutu kuitaja hadharani. Elizabeth Gaskell, mwandishi mwenzake na rafiki, hakujua lolote kuhusu ugonjwa huo mpaka muuza karatasi wa kijijini alipomwandikia kwamba Charlotte amekufa. Gaskell alijuta. Alieleza katika barua kwamba angalijua, angalikwenda Haworth na pengine kumshawishi afanye lililohitajika ili maisha yake yaokolewe, hata kama wote wangemkasirikia. Wataalamu wengi huelewa kwamba alimaanisha kuitoa mimba. Alipochapisha kitabu cha maisha ya rafiki yake mnamo 1857 aliizungumzia mimba yenyewe kwa mafumbo tu.

Wapo wanaopinga maelezo haya. Baadhi husema kifua kikuu kilikuwapo kweli na kwamba mimba ilikichochea tu. Wengine hutaja homa ya matumbo inayodhaniwa kumuua mtumishi, au ugonjwa wa Addison unaodhoofisha tezi za juu ya figo. Mwili haukupasuliwa kuchunguzwa, hivyo mjadala hautafungwa. Lakini tangu daktari Philip Rhodes alipoyapitia maradhi ya familia hiyo mnamo 1972, maelezo ya kutapika kwa ujauzito ndiyo yenye uzito zaidi, na ndiyo yanayolingana na maneno ya mgonjwa mwenyewe.

Kuna tuhuma moja, hata hivyo, inayostahili kutupwa. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 madaktari kadhaa walifundisha kwamba mwanamke anayetapika hivyo anaikataa mimba au mume ndani ya nafsi yake, na wapo waliomtwika Charlotte mzigo huo. Mnamo 2023 watafiti, wakiwemo Marlena Fejzo wa Marekani na Stephen O'Rahilly wa Cambridge, walionyesha katika jarida la Nature kwamba chanzo kikuu ni homoni iitwayo GDF15, ambayo mtoto aliye tumboni huimwaga katika damu ya mama. Wanawake ambao miili yao haikuizoea homoni hiyo kabla ya kushika mimba ndio wanaoteseka zaidi. Fejzo mwenyewe aliupata ugonjwa huo na kupoteza mimba mnamo 1999, baada ya daktari wake kuyapuuza malalamishi yake.

Mzee Brontë, aliyezaa watoto sita na kuwazika wote, aliishi hadi 1861 akiwa na umri wa miaka 84. Nicholls, mkwe aliyekataliwa, ndiye aliyemtunza miaka hiyo sita, wakikaa wawili katika nyumba ile ile. Baada ya maziko ya mzee alirudi Banagher, Ireland, akaacha kazi ya ukasisi akawa mkulima, na mnamo 1864 akamwoa binamu yake. Hawakujaliwa mtoto. Alipofariki Desemba 1906 mkewe wa pili alilaza jeneza lake sebuleni, chini ya picha ya Charlotte.