Chester Carlson: Jamaa wa fotokopi aliyekataliwa na kampuni zaidi ya 20

Leo ukienda kutoa kopi ya cheti, ni sekunde chache tu. Enzi za Chester Carlson, ulikaa chini ukanakili mwenyewe.

Carlson alizaliwa Seattle, Marekani, mwaka 1906. Baba yake kinyozi alikuwa mgonjwa wa muda mrefu, hivyo dogo akaanza vibarua mapema kulisha familia. Alimaliza fizikia Caltech mwaka 1930, ajira zikiwa zimekauka. Akaandika barua za kuomba kazi kwa kampuni 82!

Mwisho wa siku akaangukia New York, kwenye kazi ya hataza za uvumbuzi. Nakala zilihitajika kila siku, na yeye ana baridi yabisi, macho nayo mabovu. Ndipo akaanza kuunguza salfa jikoni kwake.

Oktoba 22, 1938, mtaa wa Astoria, yeye na msaidizi wake Otto Kornei, mkimbizi kutoka Austria, walisugua kwa leso bamba la zinki lililopakwa salfa ili lipate chaji ya umeme. Wakalimulika kupitia kioo chenye maandishi, wakanyunyizia unga, wakapuliza. Unga ukanata palipokuwa na herufi tu: tarehe ya siku ile na jina la mtaa.

Unadhani waligombaniwa? Wapi! Kampuni zaidi ya 20, IBM ikiwemo, zilimkataa. Taasisi ya Battelle ilimpokea 1944, kisha Haloid, ambayo sasa ndiyo Xerox. Mashine yao ya 914, karibu kilo 300, ilitoka 1959. Miaka 21 hiyo. Carlson akatajirika, akagawa takriban dola milioni 100, nyingi kimyakimya. Alifariki Septemba 19, 1968, akiwa ndani ya sinema New York.

Mashine yake ilikuwa haikumbuki kitu. Za sasa zinaskani kila ukurasa, na nyingi za ofisini zinautunza kwenye diski ngumu kama ya kompyuta. Kwa nini siyo memori? Memori ni ghali kwa nafasi ileile, na umeme ukikatika inasahau yote. Diski ni rahisi, inabeba foleni ya kazi za ofisi nzima.

Tatizo, inabaki nazo. Mwaka 2013, bima ya afya ya Affinity, New York, ilikubali kulipa zaidi ya dola milioni 1.2 baada ya kurudisha mashine za kukodi zikiwa bado na taarifa za wagonjwa ndani.